Sachangwan na Mtongwe zinangoja mwandishi

Ukitoka Nakuru kwenda Eldoret, ukishapita Salgaa, basi hupanda mlima hadi Sachangwan. Nilipopita huko mara ya kwanza, mzee aliyeketi kando yangu alivua kofia bila kusema neno. Nilijua kwa nini. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka hapo, watu wakatoka na madebe kuchota petroli, moto ukawawakia. Zaidi ya watu 100 walifariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Wengi wetu tumebaki na idadi tu. Nani alikuwa nani, alichota ili amlipie mwanawe karo au anunue unga, hatujui. Hapo ndipo kazi ya mwandishi wa filamu inapoanzia: katika wale mia anamchukua mmoja, tukamjua.

Mfano uko barabara iyo hiyo, mbele kidogo. Mwaka 2004 mzee Kimani Maruge, mpiganaji wa zamani wa Mau Mau, aliingia darasa la kwanza katika shule ya msingi mjini Eldoret akiwa na miaka 84. Kisa chake kikawa filamu, The First Grader, ya mwaka 2010. Aliyemwigiza, Oliver Litondo, ni Mkenya. Lakini aliyeandika ni Ann Peacock, mama wa Afrika Kusini.

Huyu mama alisomea sheria Cape Town kabla ya kushika kalamu ya filamu. Mwaka 1999 alishinda tuzo ya Emmy kwa kuandika filamu ya runinga, A Lesson Before Dying, iliyotokana na riwaya ya Ernest Gaines. Mwaka 2005 jina lake lilikuwa miongoni mwa waandishi wanne wa filamu ya kwanza ya Narnia. Ndiyo desturi ya kazi hii: skripti huandikwa, hurudishwa, huandikwa upya, pengine na mkono mwingine.

Tena si kama hadithi ya kitabuni. Huwezi kuandika "alihuzunika" ukaishia hapo, kwa sababu kamera haioni moyo. Lazima umpe mtu kitendo, kama yule mzee na kofia yake. Ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja ya picha, kwa hivyo neno la bure ni gharama.

Simlaumu Bi Peacock hata kidogo. Ninachouliza ni mbona vijana wetu wenye kipawa huandika tamthilia moja wakaacha. Jibu moja ni mkataba. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kazi ikiagizwa, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kijana asiyejua haya hulipwa mara moja, kisha tamthilia ikirudiwa au ikiuzwa kwingine, yeye ni mtazamaji kama mimi na wewe.

Basi mwanangu, kabla ya kumpa mtu skripti yako, isajili kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO. Mkataba uwe wa maandishi. Uliza jina lako litatokea wapi, na utapata nini kazi ikioneshwa tena. Usione haya, haki yako si ombi.

Nasema haya kwa uchungu kwa kuwa nasi Wapwani tuna Sachangwan yetu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa. Walionusurika wangali nasi, wengine wamezeeka, na kila mwaka tunazika mmoja na kumbukumbu zake. Kijana wa Likoni mwenye kalamu asingoje mgeni aje kumhoji jirani yake. Leo jioni akabishe hodi, akae barazani, asikilize.