Pipa la Zamani, Kinga Yenye Kuvunjika, na Shamba Lenye Kuchoka

Ninyi wa Musienene, wa Butembo na wa Beni, na ninyi vijana munaosoma ukurasa huu kule kwenye mashimo ya zahabu ya Manguredjipa: mbolea ya kuozesha munaijua. Wengi tuliifundishwa tangu shuleni. Changanya majani na samadi ya mbuzi, ongeza maji, geuza, ngoja. Basi, sababu gani malundo mengi yanaachwa njiani, na viazi vinazidi kuwa vidogo?

Waulizeni mama zetu. Watawaambia kwamba kazi ya kugeuza inavunja mgongo. Mama anatoka shambani jioni na mzigo wa kuni mgongoni, watoto wana njaa, na jembe linamungoja tena kwenye lundo. Mikono ya kumusaidia imekwenda kuchimba zahabu. Analiacha lundo, linakosa hewa, linanuka, jirani ananungunika, na kazi inaisha pale.

Nchi nayo haitungoji. Mashamba yetu yako kwenye milima mikali, mvua inateremusha udongo mpaka mtoni, na kila baba anapogawanyia watoto shamba, vipande vinakuwa vidogo zaidi. Tangu mapigano ya mwaka 2024 upande wa kusini wa Lubero, watu wengi walikimbia makwao, na sasa wanatafuta wao pia mahali pa kulima. Udongo uleule unaombwa kulisha midomo mingi zaidi. Tunapaswa kuulisha kwanza.

Sababu gani tugeuze?

Vidudu visivyoonekana kwa macho ndivyo vinageuza majani kuwa udongo mweusi. Vinataka chakula, maji na hewa, sawa sisi. Vikipata vyote, lundo kubwa linapata moto wa digri 55 na zaidi, na moto ule ukikaa siku kadhaa unaua mbegu za magugu na vidudu vingi vya magonjwa. Mwingereza Albert Howard, aliyetumika Indore, katika India, kati ya miaka 1924 na 1931, alijulikana duniani kwa njia yake ya kutengeneza mbolea. Na kugeuza lundo ni sehemu kubwa ya njia ile.

Hakuna namna ya kuacha kugeuza. Lakini tunaweza kuitoa kazi ile mgongoni na kuipeleka miguuni. Mguu una nguvu kuliko mkono. Watu wa Kivu ya Kaskazini hawakungoja motere ili wabebe mizigo: walichonga chukudu kwa miti, wakavalisha magurudumu mipira ya zamani, na kijana mmoja anasafirisha magunia ya viazi. Huko Arusha, Tanzania, fundi Bernard Kiwia alijulikana kwa mashine alizotengeneza na vipande vya kinga, hata moja ya kuvuta maji. Sisi tutatengeneza pipa lenye kuzunguka.

Vitu vya kutafuta

Pipa la litri 200 lenye kifuniko kizima, vipande viwili vya bomba la chuma, kila kimoja sentimeta 30, sahani mbili za chuma, kutoka kwa kinga ya zamani, pedali zake, mnyororo, na magurudumu yake mawili yenye meno, kubwa na dogo, miti ya mkaratusi, mabulo, kipande cha mpira wa gari.

Ndugu vijana wa mashimo, sikilizeni vizuri hapa. Musichukue pipa lililobeba merkiri, dawa za kusafisha zahabu, asidi ya batri ao dawa ya kuua wadudu, hata kama limeoshwa mara kumi. Musitie ndani mchanga wenye kubaki kisha kuosha zahabu. Merkiri haiozi. Itabaki katika udongo wa bustani ambayo watoto wanakula mboga zake.

Pipa la mazutu ao la esansi linafaa, lakini mvuke unabaki ndani hata likionekana kuwa kavu. Fundi akiligusa kwa moto wa kuchomea linaweza kulipuka na kumuua. Lioshe kwa maji ya moto na sabuni, kisha likate kwa tindo na nyundo, lingali limejaa maji mpaka karibu na mahali pa kukata. Moto wote wa kuchomea ufanyike mbali, kwenye vyuma vingine, mbele ya kuvifunga kwenye pipa.

Namna ya kutengeneza

1. Fundi achomee kila kipande cha bomba katikati ya sahani moja. Kwenye bomba moja achomee gurudumu kubwa la meno.

2. Fungeni sahani kwa mabulo, moja kila upande wa pipa, katikati kabisa. Bomba lisipite ndani, kwa maana majani yatajikunja juu yake.

3. Kateni mlango wa sentimeta 30 kwa 40 ubavuni. Mpira wa gari utakuwa bawaba.

4. Toboeni matundu ya msumari mkubwa kama 40, yaliyotawanyika, hewa ipate kupita.

5. Ndani, fungeni mbao tatu zenye upana wa sentimeta 10, toka upande mmoja mpaka mwingine. Ndizo zitainua majani na kuyaangusha.

6. Simamisheni miti miwili imara kila upande, chongeni mahali pa bomba kulala, pakeni mawese ao mafuta ya motere yenye kutumika.

7. Kwenye pedali, wekeni gurudumu dogo la meno, fundi alikaze lisizunguke bure, kisha vutieni mnyororo.

Angalieni: kwa kinga, gurudumu kubwa liko kwenye pedali, kwa sababu tunatafuta mbio. Hapa tunatafuta nguvu, kwa hiyo dogo ndilo liko kwenye pedali. Meno 18 kwa 44, pedali zitazunguka karibu mara mbili na nusu, pipa mara moja tu.

Kujaza na kuzungusha

Jazeni mpaka litri 140, si zaidi. Ni karibu kilo 70, na pipa lenye kujaa kabisa halichanganyi kitu. Tieni mafungu mawili ya vitu vikavu (mabua ya mahindi, maganda ya maharagwe, yaliyokatwa mafupi) kwa fungu moja la majani mabichi ao samadi. Kamueni kwa mkono: yakitoka matone machache, maji yanatosha. Zungusheni mara kumi kila siku ya tatu. Uzito ukipita juu unaanguka kwa gafula na kusukuma pedali, basi watoto wasisimame karibu, na mnyororo ufunikwe.

Migomba yenye ugonjwa wa kunyauka, ule ulioonekana Masisi mwaka 2001, isiingie katika pipa. Na panga lililoikata lipitishwe katika moto mbele ya kugusa mgomba mwingine.

Musienene ni nchi ya juu yenye baridi. Pipa moja halishiki moto kama lundo kubwa. Kwa hiyo kisha wiki tatu ao ine, mwageni, funikeni kwa majani ya migomba, ngojeni miezi miwili. Mutapata karibu bidoni tatu za litri 20. Hazitoshi shamba zima. Musizitawanye: konzi moja katika kila shimo la kabichi ao la kiazi, karibu na nyumba.

Katika Luka 13, mtunza shamba aliombea mtini usiozaa mwaka mmoja tena, apate kuuchimbia na kutia mbolea. Hakuomba shamba jipya.

Kwa mazungumzo ya jamaa

– Nani katika nyumba yetu anageuza mbolea, na nani angeweza kumusaidia?
– Kuna chuma gani nyuma ya nyumba ao kwenye mashimo, na kilibeba nini zamani?
– Kijana akirudi toka mashimoni kwa mwezi mmoja, anaweza kumwachia mama yake kitu gani chenye kudumu kuliko feza?