Mwaka Mpya Uwe na Shabaha

Kila ifikapo Januari, katika kambi za majeshi na katika stesheni za polisi, ahadi huwa nyingi. Huyu aapa kuacha pombe, yule asema ataanza kujenga nyumbani kwao, na mwingine atangaza kwamba mwaka huu hautapita kabla hajarudi masomoni. Ahadi hizo ni njema, na wanaozitoa wana nia safi. Lakini mwezi wa Machi ukiingia, wengi wao hawazikumbuki tena. Si kwamba askari hao ni wavivu, kwa maana watu hao hao hukesha lindo usiku kucha katika mvua bila kunung'unika. Sababu ni kwamba wamejipa matakwa, hawakujipa amri.

Askari anajua vizuri tofauti ya mambo hayo mawili. Hakuna kamanda anayewaambia vijana wake, "Nendeni mkajitahidi." Amri hueleza kazi yenyewe, mahali pake, saa ya kuanza na ya kumaliza, vifaa vitakavyotumika, na afisa atakayepokea taarifa. Neno moja likikosekana, kazi huharibika. Ajabu ni kwamba mtu aliyezoea utaratibu huo kazini huuacha getini anapokwenda kupanga maisha yake mwenyewe.

Hapa Uganda tunaye mfano bora, naye alikuwa askari polisi. John Akii-Bua, mzaliwa wa Lango, aliingia polisi akiwa kijana. Huko ndiko alikojifunza mbio za kuruka viunzi, akiongozwa kwanza na polisi mwenzake, Jorem Ochana, ambaye naye alikuwa mkimbiaji wa mbio hizo. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Edinburgh, Akii-Bua alimaliza wa nne katika mbio za viunzi za mita 400. Wa nne hapati medali. Mtu mwingine angelirudi nyumbani akisema kwamba bahati haikuwa yake.

Yeye alikuwa na kitu cha kupimia. Rekodi ya dunia wakati ule ilikuwa sekunde 48.12, iliyowekwa na Mwingereza David Hemery katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Basi shabaha ilikuwa na namba yake, na siku ya kuifikia ilijulikana, yaani Olimpiki ya Munich ya mwaka 1972. Chini ya mwalimu wake Malcolm Arnold, alifanya mazoezi magumu, akikimbia na kuruka viunzi huku amevaa fulana yenye uzito. Tarehe 2 Septemba 1972 alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa ambayo kona yake ni kali, nayo haipendwi na wakimbiaji. Akashinda kwa sekunde 47.82, akawa mtu wa kwanza duniani kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48, akaipatia Uganda medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki. Hemery mwenyewe alikuwa wa tatu.

Sasa tuutoe mfano huo uwanjani tuulete nyumbani. Askari asemaye "mwaka huu nitajenga" hana shabaha bado. Lakini akisema, "Kufikia tarehe 31 Desemba nitakuwa na mabati 36," amejipa amri. Mabati 36 kwa mwaka ni mabati matatu kila mwezi. Mwisho wa Machi lazima yawe 9, mwisho wa Juni 18, mwisho wa Septemba 27. Siku hizo tatu ni za ukaguzi, sawasawa na gwaride la kukaguliwa. Na mkaguzi asiwe yeye peke yake. Mke au mume aijue hesabu, au rafiki mmoja mwaminifu katika kikosi, aulize bila haya, "Yako wapi?"

Wengine watasema kwamba maisha ya askari hayatabiriki: leo uhamisho, kesho operesheni. Ni kweli. Akii-Bua naye hakuweza kuitetea medali yake mwaka 1976, kwa kuwa Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi nyingi za Afrika zilizosusia Olimpiki ya Montreal. Yako mambo ambayo mtu hana amri juu yake. Lakini aliye na hesabu hujua amepungukiwa na nini. Kama alikosa kununua mabati Mei na Juni, basi katikati ya mwaka anayo 12 badala ya 18, na akinunua manne kila mwezi tangu Julai, atatimiza 36 vile vile. Asiye na hesabu huona tu kwamba mambo yameharibika, akaacha yote.

Jambo hili si dogo, kwa sababu sare ni ya serikali, na siku moja itarudishwa stoo. Kati ya mwaka 1992 na 1995, wanajeshi zaidi ya 36,000 wa Uganda walipunguzwa jeshini. Serikali iliwapa fedha, mabati, mbegu na msaada wa karo za watoto ili waanze maisha ya uraiani. Msaada huo ulikuwa wa kuanzia tu. Aliyekuwa na kiwanja tayari alikuwa na mahali pa kuyaezeka mabati yale, na asiyekuwa nacho alianza na kukitafuta, umri umekwisha kwenda. Leo vipo vyama vya akiba na mikopo vya askari wenyewe, Wazalendo kwa wanajeshi na Exodus kwa polisi. Lakini mkopo uliochukuliwa bila shabaha ni deni tu, nao hukatwa katika mshahara hata baada ya fedha zenyewe kusahauliwa.

Basi ndugu askari, usijipe ahadi kumi. Chagua moja, au mbili zikizidi. Iandike katika daftari, uweke kiasi chake, tarehe yake na siku zake za ukaguzi, na umwonyeshe mtu mmoja utakayemheshimu akikuuliza. Haba na haba hujaza kibaba, lakini ni lazima kwanza ukijue kibaba chenyewe ni kikubwa kiasi gani. Taifa limekukabidhi silaha kwa kuwa linaamini unaweza kulenga. Mwaka huu lenga na kwa ajili ya nyumba yako.