Uzamivu wa Isimu: Masharti na Hatua Zake

Shahada ya uzamivu katika isimu hutunukiwa mtu aliyeongeza jambo jipya katika ujuzi wa lugha na kulithibitisha mbele ya wataalamu. Masharti mengine yote, tangu sifa za kujiunga hadi siku ya utetezi, yamewekwa ili kulilinda sharti hilo moja.

Katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, mwombaji kwa kawaida hutakiwa awe na shahada ya umahiri ya isimu au lugha yenye ufaulu mzuri, pamoja na andiko fupi la kile anachokusudia kuchunguza. Mfumo huu una mizizi Uingereza: mwanafunzi huanza utafiti mapema chini ya msimamizi, ingawa baadhi ya vyuo siku hizi vina pia uzamivu wenye kozi za darasani. Marekani, idara nyingi huwapokea hata wenye shahada ya kwanza, kisha huwafundisha fonetiki, fonolojia, sintaksia na semantiki kwa takriban miaka 2. Ili aruhusiwe kuanza tasnifu, mwanafunzi huko mara nyingi huandika kwanza makala mbili za utafiti katika matawi tofauti ya isimu.

Hatua inayofuata ni pendekezo la utafiti, na hapo ndipo wengi hukwama kwa sababu ya mada pana mno. “Sarufi ya Kiswahili” haitafitiki katika tasnifu moja. Swali linalotafitika huwa dogo na lenye ncha. Katika sentensi “Mjini kumefika wageni”, waliofika ni wageni, lakini kiambishi ku- kinapatana na mjini. Je, kiima ni kipi? Na kwa nini mzungumzaji huyohuyo anaweza pia kusema “Mjini wamefika wageni”? Mwaka 1989, Joan Bresnan na Jonni Kanerva walichapisha makala mashuhuri kuhusu miundo ya namna hii katika Kichewa. Mtahiniwa anayeichunguza katika lugha nyingine ya Kibantu hana budi kuonyesha kwamba ameyasoma yaliyokwisha kuandikwa, na kutaja waziwazi pengo analokwenda kuliziba.

Pendekezo likishapitishwa, hutafutwa vibali. Kenya, leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI. Tanzania, chombo cha taifa chenye dhamana ya vibali ni COSTECH. Pia wazungumzaji watakaorekodiwa lazima waelezwe madhumuni ya utafiti na waridhie wenyewe.

Uwandani, ubora wa tasnifu hutegemea namna ya kuuliza. Mzungumzaji akiulizwa kama sentensi fulani ni “sahihi”, huenda akajibu kwa sarufi aliyofundishwa shuleni. Akiulizwa ni wakati gani mtu angeitamka, na angemwambia nani, hueleza lugha anavyoitumia. Kwa lugha zenye toni, kama Kisukuma na Kihaya, neno hurekodiwa likiwa peke yake na tena likiwa ndani ya sentensi, kwa kuwa toni yake inaweza kubadilika kutokana na maneno jirani. Rekodi hizo hunukuliwa kwa alama za kifonetiki, zikachanganuliwa na kuhifadhiwa ili mtafiti mwingine aweze kuzihakiki.

Data pekee hazitoshi, kwani tasnifu hudai hoja. John Goldsmith alipowasilisha tasnifu yake katika chuo cha MIT mwaka 1976, alidai kwamba toni zina ngazi yake, iliyounganishwa na ngazi ya irabu na konsonanti kwa kanuni mahususi. Hoja hiyo ilibadili namna toni za lugha za Kiafrika zinavyochambuliwa. Watahini hawamdai kila mtahiniwa mchango wa ukubwa huo, lakini humdai hoja iliyo yake na inayobebwa na ushahidi. Lugha ya uandishi hutegemea idara. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tasnifu za uzamivu wa Kiswahili huandikwa kwa Kiswahili chenyewe.

Baadhi ya mamlaka hudai pia machapisho. Miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya ya mwaka 2014 iliweka sharti la makala mbili katika majarida yanayohakikiwa na wataalamu. Sharti hili lina faida kubwa: hoja hupimwa na wasiomjua mwandishi kabla haijafika kwa watahini.

Mwishoni tasnifu husomwa na watahini wa ndani na wa nje ya chuo, kila mmoja akiandika ripoti yake. Mtahiniwa huitetea kwa mdomo mbele ya jopo, akieleza kwa nini alichagua nadharia fulani na data zipi zingeweza kuipinga hoja yake. Jopo linaweza kuipitisha, kudai masahihisho madogo au makubwa, au kuikataa. Masahihisho yakishakamilika na kuthibitishwa, na seneti ya chuo ikaridhia, mtahiniwa hutunukiwa shahada, na nakala ya tasnifu huwekwa maktabani kwa ajili ya watafiti wengine.