Jenasi ya Pterinochilus na Alama za Kuitambulisha

Kwa msemaji wa Kiswahili neno buibui latosha kumtaja yule mdogo atandaye darini na yule mkubwa mwenye nywele aishiye shimoni. Mtaalamu wa wanyama hatosheki, kwani wawili hao wameachana katika jambo la msingi: meno ya sumu ya yule mdogo hukutana kama ncha za koleo, na ya yule mkubwa hushuka sambamba kuelekea chini. Wakubwa hao ni tarantula, yaani familia ya Theraphosidae. Miongoni mwao imo jenasi ya Pterinochilus, iliyoelezwa na R. I. Pocock mwaka 1897, nayo yapatikana Afrika ya Mashariki, ya Kati na ya Kusini.

Jina hilo limeundwa kwa maneno mawili ya Kiyunani, la manyoya ya ndege na la mdomo, wala halikutungwa bure. Ubavuni mwa kila taya, upande wa nje, pana kichaka cha nywele zenye vitawi mfano wa unyoya. Hata hivyo alama hii peke yake haiamui, maana jenasi jirani nazo wanayo. Kwa hiyo hapana budi kutazama pia kisichokuwapo. Eucratoscelus ana miguu ya nyuma iliyonenepa. Ceratogyrus, ingawa si spishi zake zote, ana pembe mgongoni. Pterinochilus hana hili wala lile. Tena, kama tarantula wote wa Afrika, hana nywele za kuwasha ambazo wengi wa Amerika huzirusha. Kinga yake ni kuuma, na maumivu yake ni makali.

Rangi ndiyo iliyowapoteza wengi. Pterinochilus murinus ameitwa kwa neno la Kilatini lenye maana ya "wa panya", lakini wako wa kijivu, wa hudhurungi, na wengine wekundu wa chungwa mfano wa kaa la moto, ambao wafanyabiashara huwaita kwa jina la Usambara. Richard Gallon alipoipitia upya jenasi hiyo mwaka 2002, baadhi ya majina yaliyohesabiwa kuwa ya spishi mbalimbali aliyaweka chini ya murinus. Shahidi mkubwa katika kazi ya namna hii ni viungo vya uzazi: mifuko ya mbegu ya jike, na kiungo kilicho nchani mwa vipapasio vya dume.

Mwandishi wa Kiswahili atakayesema "aina" kwa jenasi, kwa spishi na kwa rangi pia, ameufuta mjadala huo kabla haujaanza.