Homa Si Malaria Kila Mara

Mkojo wa mtoto nusura utugombanishe mimi na mume wangu!

Mimi naishi Kayanga, Karagwe. Yeye kazi yake iko Nkwenda, Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na hurudi wikiendi. Siku moja binti yetu wa miaka mitatu akachemka homa. Huku kwetu Kagera ukisikia homa unajua malaria, basi. Tukanunua dawa bila kipimo. Siku ya tatu bado anachemka, na akikojoa analia. Hospitalini wakapima damu: hakuna malaria. Wakapima mkojo: UTI.

"Mama, humsafishi vizuri," mume wangu akanilaumu.

"Na wewe umeshawahi kumsafisha?"

Kimya. Nesi akatuweka chini wote wawili.

Kumbe njia ya mkojo ya msichana ni fupi, tena iko jirani na njia ya haja kubwa. Kwa hiyo mpanguse kutoka mbele kwenda nyuma. Asibane mkojo kwa sababu ya michezo. Anywe maji ya kutosha, ale papai na mboga, maana akifunga choo kibofu hakitoi mkojo wote. Akipata homa isiyoeleweka, apimwe na mkojo pia. Dozi aimalize hata akichangamka. UTI ikipanda hadi kwenye figo inaweza kuacha makovu.

Siku hizi baba akirudi, zamu ya chooni ni yake. Je, kwako baba anajua kupangusa?