Dhana ya Ubora katika Majaribio ya Programu za Kompyuta

Neno 'ubora' hutumiwa kana kwamba maana yake ni bayana kwa kila mtu. Hata hivyo, wanaojaribu programu za kompyuta wamerithi fasili mbili zinazokinzana. Philip Crosby, katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1979, aliueleza ubora kuwa ni kuafiki masharti yaliyowekwa. Joseph Juran naye aliuona kuwa ni kufaa kwa matumizi.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Tuchukue mfano wa programu ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Tuseme sharti lake ni kutambua kila kidahizo cha kamusi. Anayeijaribu akiingiza vidahizo vyote, itafaulu. Lakini mwandishi huandika pia 'nitakapokuandikia', ambapo viambishi ni-, -taka-, -po-, -ku-, -i- na -a vimeuzingira mzizi -andik-. Umbo hilo si kidahizo, kwa hivyo programu italipigia mstari mwekundu. Kwa mizani ya Crosby programu hii ni bora. Kwa mizani ya Juran, haifai.

Mtetezi wa Crosby atasema kwamba sharti ndilo lililokosewa. Ni kweli, lakini kosa hilo halionekani ila kwa anayeijua lugha. Hapa ndipo mwanafunzi wa mofolojia anapohitajika, tangu masharti yanapoandikwa. Tukijitenga, mstari mwekundu utawafunza watoto wetu kuwa Kiswahili sanifu ni makosa.