Tezi Nyingi, Ukoo Mmoja: Utangulizi

Mwaka 1886, mjini Freiburg, Ujerumani, Felix Fränkel aliandika juu ya msichana wa miaka 18 aliyekuwa akishikwa na vipindi vya moyo kwenda mbio na kichwa kuuma, kisha akafariki ghafla. Maiti ilipopasuliwa, tezi zote mbili za adrenali, zilizo juu ya figo, zilikutwa na uvimbe. Mwaka 2007 watafiti walichapisha majibu ya vipimo vya jamaa zake walio hai: baadhi yao walikuwa na hitilafu katika jeni iitwayo RET. Ndivyo uwanja huu ulivyo. Mgonjwa huja na ukoo wake.

Maradhi haya ya kurithi ya uvimbe katika tezi nyingi, yaitwayo MEN kwa kifupi cha Kiingereza, ni nadra, na kila mtoto wa mzazi mwenye hitilafu ya jeni ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Katika MEN1, aliyoieleza Paul Wermer mwaka 1954, tezi zinazoshikwa hasa ni parathairoidi, pituitari na kongosho. Jeni yake, iliyotambuliwa 1997, hutengeneza menini, protini inayozuia seli zisizaliane ovyo. Mtoto hurithi nakala moja mbovu. Uvimbe huanza pale nakala ya pili inapoharibika ndani ya seli fulani. Ndiyo maana ndugu wawili huweza kuugua tofauti: mmoja mawe ya figo kwa kuzidi kalsiamu, mwingine vidonda vya tumbo visivyopona.

MEN2 ndiyo inayonishughulisha zaidi. Jeni yake ni RET, ile ile ya ukoo wa msichana wa Freiburg, na kazi yake ni kuzihimiza seli. Ikiharibika, ni gari lililonasa kanyagio la mafuta, na nakala moja mbovu yatosha. Karibu kila aliyeirithi hatimaye hupata saratani ya medula ya thairoidi. Lakini kipimo cha damu humtambua mtoto mapema, na thairoidi ikatolewa kabla saratani haijaenea. Katika aina kali kuliko zote, kabla hajatimiza mwaka. Kumpasua mtoto mchanga asiyeonyesha dalili! Wazazi husita, nami sioni ajabu.

Mwanafunzi aanze na maswali, mashine baadaye. Nani katika familia alipasuliwa shingo? Nani alifia mezani kwa daktari, presha ikipanda ghafla? Hili la pili si udaku: uvimbe wa adrenali usiojulikana huweza kumwaga homoni kwa wingi wakati wa upasuaji, kwa hiyo hutafutwa, na ukionekana hushughulikiwa kwanza, kabla shingo haijaguswa.